TAHADHARI: Muuzaji wa ruta "zilizosetiwa tayari" anayebaki na nenosiri

Ndugu zangu, kama unataka kununua ruta ya nyumbani kwa muuzaji wa mtandaoni anayekuahidi "nakuletea imeshasetiwa, wewe kazi yako ni kuchomeka tu," tafadhali soma hapa kabla hujatoa hela.

Mimi nilinunua. Ilikuja na kikaratasi chenye jina la waifai na nenosiri, nikachomeka, simu zote za nyumbani zikashika. Nikamsifia hadi kwa marafiki. Mlionunua kwa maneno yangu, naomba mnisamehe.

Wiki chache baadaye nikafungua tovuti ya benki, kivinjari kikatoa onyo kwamba cheti cha tovuti, yaani uthibitisho kuwa tovuti ni ya kweli, hakiaminiki. Nusura nibonyeze "endelea". Nikazima waifai nikatumia bando la simu: tovuti ileile, onyo halipo. Nikarudi kwenye waifai, onyo likarudi. Basi tatizo halikuwa benki wala simu.

Nikaandika 192.168.1.1 ili niingie kwenye mipangilio ya ruta. Nenosiri lililobandikwa chini yake likakataliwa. Nilipomuuliza muuzaji, akanijibu, "Hilo hutalihitaji, kukiwa na shida nakurekebishia nikiwa hukuhuku." Hapo mwili ulinisisimka. Ruta ina manenosiri mawili: la kuunganisha simu, na la kuingia kwenye mipangilio. Alinipa la kwanza, la pili akabaki nalo.

Nilimbana mpaka akalitaja. Nilichokikuta ndani: usimamizi wa mbali umewashwa, kwa hiyo aliweza kuingia kwenye ruta yangu kutoka popote. WPS nayo, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN au kitufe bila kuandika nenosiri, imewashwa, wakati tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, na mdukuzi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 tu kuipata. Baya kuliko yote, anwani za DNS zilikuwa zimebadilishwa. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva. Anayeishika anaweza kukupeleka kwenye tovuti bandia hata kama jina umeliandika sawasawa. Genge la wahalifu waliosambaza kirusi cha DNSChanger lilitumia ujanja huohuo kwenye kompyuta zipatazo milioni 4 duniani, mpaka FBI ilipolivunja mwaka 2011. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu hizo DNS, akaniblock.

Kama una ruta yake, au ya mwingine yeyote aliyekusetia, fanya hivi leo. Kwanza pata kwa mtoa huduma wako jina na nenosiri la kuunganisha intaneti, maana vitafutika. Kisha ingiza sindano kwenye kitundu cha reset, shikilia kama sekunde 10 hadi taa zizime na kuwaka upya. Kabla ya kitu kingine badilisha nenosiri la mipangilio. Kwenye usalama, mahali pa kuchagua njia ya kulinda waifai, chagua WPA3, au WPA2 yenye AES kama una vifaa vya zamani. Ukikuta WEP, njia ya zamani ya ulinzi, itoe, ilishavunjwa tangu 2001. Zima WPS na usimamizi wa mbali.

Reset peke yake haitoshi ikiwa mtu ameichezea programu yenyewe ya ruta. Pakua toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa bando la simu, uiweke upya. Ikikataa, mimi ningeiacha kabisa hiyo ruta. Kwa bando hilohilo badilisha nenosiri la benki na la baruapepe.

Muuzaji huyu hubadilisha jina la akaunti, kwa hiyo usimtafute kwa jina. Msikilize akiulizwa nenosiri la mipangilio. Akisema hutalihitaji, ondoka.

Na wale mlionunua kupitia kwangu, niandikieni inbox usiku huu. Tutafanya reset pamoja, hatua kwa hatua, hata kama ni mpaka alfajiri.