Kifaa cha baruapepe ukiwa Japani: kwa nini nilibaki na simu ya W-ZERO3[es]

Karibu mwaka 2006, Wabongo waliokuja kusoma Japani waliniuliza wanunue simu gani. Jambo la kwanza nililowaambia: Nokia uliyotoka nayo nyumbani iache huko huko kwa mdogo wako. Japani haina mtandao wa GSM, ule wa simu za nyumbani, na ikifika hapa itabaki saa yenye tochi.

La pili linataka maelezo kidogo. Hapa, hadi mwaka 2011, SMS ya kampuni moja ilikuwa haiendi kampuni nyingine, kwa hiyo mwenye laini ya kampuni ya DoCoMo hakuweza kumtumia ujumbe mwenye laini ya kampuni iitwayo "au" kwa kujua namba yake tu. Kilichotumika kilikuwa baruapepe, na anwani yenyewe ulipewa na kampuni ya simu ukishasajili laini. Kwenye treni abiria wanaombwa wasiongee na simu, basi behewa zima limeinamisha vichwa, linaandika. Ratiba ya kibarua, profesa kaahirisha semina, mwenzako wa maabara anauliza umefika wapi: vyote vilikuja kwa baruapepe. Isitoshe, Wajapani wengi walikuwa wamezuia barua zinazotoka kwenye kompyuta ili kukwepa matangazo ya ovyo. Ukimwandikia mtu kutoka Gmail, ulikaa kutwa ukidhani amekununia.

Mimi nilitaka kifaa kimoja cha kazi mbili. Kiwe na anwani ya simu ambayo Wajapani hawajaizuia, na kiniwezeshe kujibu barua ndefu za nyumbani bila kufungua kompyuta.

Simu za kawaida za hapa zilikuwa na mambo, sikatai. Kulikuwa na zilizoonyesha televisheni, na watu walibadilishana anwani kwa kuzikutanisha simu vichwa tu, mionzi ikafanya kazi. Ila kuandika Kiswahili kulikuwa kazi. Herufi "s" ilikuwa kubonyeza 7 mara nne, "i" ilikuwa 4 mara tatu, kwa hiyo neno "sisi" peke yake lilikula mibonyezo 14. Kamusi ya ndani nayo ilifundwa Kijapani, haikuwa na msaada. Salamu uliweza. Lakini kaka akiuliza habari za ada na kiwanja, hapo kidole gumba kilikusema.

BlackBerry ilikuwa imeingia kupitia DoCoMo, ila iliuzwa kwa makampuni. X01HT ya kampuni ya simu ya SoftBank, iliyotengenezwa na HTC, niliishika dukani nikaitamani kweli: kibodi kamili, 3G ya kasi, na ukisafiri ilishika GSM. Kilichonirudisha nyuma ni bili ya data, ambayo kwa mtumiaji mzito iliweza kugusa karibu yen elfu kumi kwa mwezi. Kwa mwanafunzi, hiyo ilikuwa hela ya chakula.

Nikaangukia W-ZERO3[es], iliyotengenezwa na Sharp kwa ajili ya kampuni ya simu ya Willcom na kutoka Julai 2006. Ikiwa imefungwa ni simu yenye vitufe vya namba kama nyingine. Isukume ubavuni, inachomoza kibodi ya QWERTY, yenye herufi zote kama ya kompyuta. Ina uzito wa gramu 175, wakati kaka yake, W-ZERO3 ya kwanza ya Desemba 2005, alikuwa na gramu 220 na mfukoni alijulisha kila mtu kwamba yupo. Kioo ni cha inchi 2.8 tu, lakini kina nukta 640 kwa 480, maandishi madogo yanasomeka bila kukunja uso. Ndani kuna Windows Mobile 5.0.

Kibodi ndiyo iliyonifanya nibaki nayo. Vitufe ni vidogo, mwenye vidole vinene atalalamika wiki ya kwanza, ila ukishazoea unaandika aya nzima umesimama, begi begani. Gmail iliingia kwa POP, njia ya kuvuta barua hadi kwenye kifaa. Anwani ya Willcom, ile inayoishia na pdx.ne.jp, ilihesabika kuwa ya simu, kwa hiyo vizuizi vingi viliipitisha. Mpango wao wa yen 2,900 kwa mwezi ulikupa kuongea bure na wenzako wa Willcom, na kwa Waafrika wachache tuliotawanyika huku hilo halikuwa dogo. Kwa kufungua kurasa na kuvuta Gmail, uliongeza kifurushi cha data.

Sasa kasoro. Mtandao wake ulikuwa PHS, mfumo wa simu wa Kijapani ulio tofauti na GSM, kilobiti 128 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri kabisa, maana yake picha ya kilobaiti 500 ilimaliza nusu dakika. Wi-Fi haimo, na hilo sijaliafiki. Ile ya kwanza ilikuwa nayo. Vikatuni ambavyo Wajapani hupachika kila baada ya sentensi, vingi vilinifikia kama mistari miwili mizito, nikabaki kubahatisha kama mtu anacheka au amekasirika. Menyu zote ni za Kijapani, na kwa aliyefika juzi hiyo ni shughuli pevu.

Tanzania hakukuwa na PHS, kwa hiyo ukirudi nayo ilikuwa daftari la umeme. Aliyebakiza miezi michache nilimwambia achukue simu ya kawaida ya bei ndogo. Mwenye miaka mbele yake na barua nyingi za kujibu nilimwambia aende dukani, aisukume ile kibodi, aandike aya nzima ya Kiswahili kabla ya kutoa pesa. Zile za maonyesho ziliwekwa pale zishikwe.