Chaja ya elfu thelathini na tano

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda. Laptopu yangu ni Dell ya mtumba, na chaja iliyokuja nayo ilikatika waya shingoni, pale unapoingia kwenye kile kitofali. Nikanunua nyingine barabarani kwa shilingi 35,000. Kibandiko kilisema yaleyale ya ile ya zamani: volti 19.5, ampea 3.34, wati 65. Kichwa kikaingia vizuri, taa ya buluu ikawaka, nikajiona mjanja.

Kesho yake nikiwasha, kabla hata Windows haijafunguka, yanatokea maandishi: aina ya adapta haijulikani, huenda betri isichaji. Nikiruka hapo inaendelea, lakini kwa kujivuta. Barua moja ya kuomba kazi inanimalizia kikombe cha chai. Betri imeganda asilimia 7. Umeme ukikatika, na huku haukosi kukatika, mashine inazimika na kazi ya mteja imo ndani.

Fundi wa kwanza hakugusa hata bisibisi. "Mama, betri imekufa. Leta laki na ishirini." Nusura nitoe. Kilichonizuia ni kwamba hakupima kitu.

Wa pili, kijana wa karibu na stendi, alitoa mita. Volti 19.4, safi. Ndipo akanionyesha ndani ya kichwa cha chaja: katikati kuna ncha nyembamba kama sindano. Umeme wa kuendesha mashine haupiti hapo, unapita kwenye kuta za bomba, nje na ndani. Sindano inabeba ujumbe tu: chipu ndogo iliyo ndani ya chaja inajitambulisha kwa laptopu, mimi ni ya wati kadhaa. Isipojitambulisha, laptopu inawaka, ila inakataa kujaza betri na inapunguza kasi ya prosesa makusudi. Volti zinaweza kusoma sawa kabisa na ugonjwa ukabaki palepale.

Sikumwamini hadi Jumamosi, shemeji anayefundisha Tororo alipokuja na laptopu ya aina hiyohiyo. Tulichomeka chaja yake, na kabla maongezi hayajakolea 7 ikawa 9. Betri nzima, tundu zima. Ile laki na ishirini ingeenda bure.

Nimeshapata chaja halisi iliyotumika, 70,000. Safari hii nilibeba laptopu hadi dukani, nikaiwasha huku nikibonyeza F2, na kwenye mipangilio ya ndani nikasoma mwenyewe: adapta, wati 65. Muuzaji alinuna kidogo, nikamwacha anune. Ukinunua chaja ya laptopu kama yangu, volti lazima zilingane. Ampea zikizidi si neno, zikipungua ndipo matatizo.

Ile ya barabarani naipa nyota moja kati ya tano, kwa ajili ya taa. Aliyeniuzia alikataa kurudisha pesa, akanipa flashi mbili. Moja inafanya kazi.