Betri za droni wakati wa mvua: chaja ya B6 inamfaa nani?

Jambo ndugu zangu, karibuni. Sisi tunaorusha droni hapa Lubumbashi tunaujua huu msimu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, mwaka mwingine hata wa nne, mvua inashuka wakati wowote. Ndoa za nje zinapungua, wapima mashamba wanasubiri, na mkoba wa droni unapanda juu ya kabati. Mwezi wa tano mbingu zinafunguka, simu zinaanza kuita, unafungua mkoba na kukuta betri imevimba hata haiingii tena kwenye droni. Kumbe hakuna aliyeigusa! Ndiyo maana leo nimeweka mezani hii chaja mnayoiona, SkyRC iMAX B6, ili tuone kama inaweza kuziokoa betri zetu miezi hii ya kukaa bure.

Kwanza tuelewe kinachoziua. Betri nyingi za droni ni za lipo, yaani lithiamu polima. Ndani yake kuna seli, na seli moja ikijaa inafika volti 4.2. Ukiiacha imejaa hivyo wiki baada ya wiki, kemikali za ndani zinashambuliana polepole na kutoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Huko ndiko kuvimba kunakotoka. Joto linaharakisha mambo. Sasa fikiria mkoba uko juu ya kabati, chini kidogo ya mabati, jua la mwezi wa kumi likiwaka kabla mvua haijaanza.

Na kuiweka tupu ni kubaya vilevile. Seli ikishuka sana chini ya volti 3, shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka. Siku utakapoichaji, ile shaba inajijenga upya mahali pasipotakiwa, na inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kugusana. Betri ya namna hiyo msiilazimishe kuamka, nawaomba. Ni moto unaosubiri.

Kwa hiyo betri inataka ilale katikati: kama volti 3.8 hadi 3.85 kwa kila seli. Na hapo ndipo B6 inapoingia.

Tazameni hapa. Nina betri ya seli nne, ya 1500 mAh (hicho ndicho kipimo cha umeme inaoubeba), ya droni ndogo ya mbio. Waya mnene unaingia upande huu, na huu mweupe mwembamba wenye nyuzi nyingi unaingia ubavuni. Huo mweupe msiusahau, maana ndio unaoiruhusu chaja kusoma kila seli peke yake. Nachagua lipo, nasogeza mpaka neno STORAGE, yaani kuhifadhi, naweka seli nne, kisha nashikilia kitufe cha START. Chaja yenyewe inahesabu seli na kuniuliza kama tunakubaliana. Tunakubaliana, nathibitisha, inaanza. Kama betri imejaa, inaipunguza. Kama iko chini, inaipandisha. Ikifika 3.85 kwa seli, inasimama yenyewe. Huna haja ya kukaa na kalamu na karatasi.

Hilo ndilo zuri lake la kwanza. La pili, kwangu mimi, ndilo kubwa zaidi kwa mji huu. B6 ya kawaida haichomekwi moja kwa moja ukutani. Inataka umeme wa volti 11 hadi 18, kwa hiyo betri ya gari inaiendesha bila shida, na betri ya volti 12 ya sola pia. Delestaji ikija usiku, umeme ukakatwa, wewe unaendelea. Watu wa Ulaya wanalalamika kwamba ni usumbufu kununua adapta pembeni. Huku kwetu ni baraka, nasema kweli.

Sasa ubaya wake, na huu siufichi. B6 inachaji kwa nguvu ya hadi wati 50, lakini kupunguza betri inaweza wati 5 tu. Piga hesabu nami. Betri hii ikijaa ina kama wati-saa 22. Kuifikisha kwenye kiwango cha kulala lazima utoe karibu nusu, yaani kama wati-saa 10. Kwa wati 5, hayo ni masaa 2 kwa betri moja. Ukiwa na betri nne zilizojaa, siku yako imekwisha, na huwezi kwenda sokoni ukaiacha chaja inafanya kazi peke yake nyumbani. Ushauri wangu: kama mteja hajathibitisha na wingu limekaa vibaya, usizijaze betri zote. Acha zilale katikati, uzijaze asubuhi ya kazi. Na ukirudi na betri iliyojaa, ipandishe droni palepale kwenye lupango, uani kwako, ikae hewani chini chini dakika chache. Motori zitaimaliza haraka kuliko chaja yoyote ya bei hii.

Jambo lingine: nakala za B6 zimejaa madukani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kipimo changu ni hiki. Wakati chaja inafanya kazi, bonyeza kitufe chenye mshale, itakuonyesha volti ya kila seli. Chukua mita ya fundi umeme, pima seli ileile kwenye waya mweupe. Tofauti ndogo sana, volti 0.01 au 0.02, sina neno. Lakini chaja ikisema 4.20 wakati mita inasoma 4.30, irudishe dukani siku hiyohiyo. Itakuwa inajaza kupita kiasi huku inakuambia yote ni salama.

Wenye Mavic, zile droni za DJI, na ndugu zake, najua mnasubiri. Jibu ni fupi: msinunue B6 kwa ajili ya hizo. Betri zenu hazina ule waya mweupe, zina ubongo wao ndani. Ya Mavic Air 2, kwa mfano, ikikaa imejaa siku moja bila kazi inajishusha hadi karibu asilimia 96, na baada ya siku tano inafika karibu asilimia 60. Ukiisikia ina uvuguvugu kabatini, usishtuke, ndiyo kazi hiyo inaendelea. Ila shikeni hili: ubongo huo unajua kushusha tu, kupandisha haujui. Ukitoka kwenye ndoa na asilimia 10 ukaitupa mkobani mpaka mwezi wa tano, hakuna wa kuiokoa. Ichaji kidogo kwanza, ukibonyeza iwake taa mbili kati ya nne, itoe kwenye droni, ndipo uiweke. Na kila miezi mitatu ijaze kabisa, irushe, kisha uirudishe katikati.

Kwa hiyo nani anunue? Wewe mwenye droni za mbio, wewe mwenye ndege ya kupimia ramani yenye betri za waya mweupe, nunua. Itakulindia betri nyingi. Kama una betri kubwa za seli sita, nyingi, tafuta chaja yenye nguvu zaidi ya kupunguza, hii itakuchosha.

Mwisho ni mahali pa kuziweka, maana wengi wananiuliza kuhusu friji. Ubaridi kweli unazisaidia betri. Lakini friji zetu zinazima na kuwaka na umeme, na kila ikipata joto maji yanajikusanya juu ya kila kitu kilichomo, hata kwenye ncha za betri. Kwa hiyo mimi sikubali friji. Chukua kile kifuko kisichoshika moto, au sanduku la chuma ambalo kifuniko chake hakijabana kabisa ili gesi ipate njia, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kiweke chini kwenye saruji, juu ya tofali moja ili unyevu wa mvua usikifikie, mbali na mbabula la makaa, mbali na magodoro, na mbali na mikono ya watoto.