Shifta za kununua kwa baiskeli ya resi ya mtumba

Ukipata baiskeli ya resi ya mtumba ya daraja la chini, zile za miaka ya 2000 hadi 2012 hivi, mara nyingi fremu bado ni nzima na magurudumu yanazunguka vizuri. Kinachosumbua ni shifta, yaani vidude vya kubadilishia gia, zilizoungana na mikono ya breki. Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, waliziunganisha hivyo mwaka 1990 kwenye Dura-Ace, seti yao ya bei kubwa, na baadaye zikateremka hadi Sora na 2300, seti zao za bei nafuu.

Kabla ya kutoa hela, hesabu sproketi za nyuma, yaani zile sahani zenye meno kwenye gurudumu. Zikiwa nane, tafuta shifta ya nane; zikiwa tisa, ya tisa. Kisha angalia mbele kwenye pedali: sahani mbili au tatu? Shifta ya kushoto lazima ilingane nazo. Kwa mfano, kwenye seti ya Shimano iitwayo Claris, ST-2400 ni ya mbili, ST-2403 ni ya tatu, na namba huwa imeandikwa kwenye mkono wenyewe. Direla ya nyuma, ile inayosogeza cheni kati ya sproketi, isikutishe, kwani ya Shimano ya gia nane au tisa, hata iliyotoka kwenye baiskeli ya milimani, itakubali.

Chaguo langu la kwanza ni Claris ST-2400, gia nane. Mkono wa breki wenyewe ukiusukuma kwa ndani unabadilisha gia upande mmoja, na kikonyo, yaani mkono mdogo wa kubadilisha upande wa pili, kiko nyuma yake, kwa hiyo unabadilisha gia hata ukiwa umeinama na kushika chini ya usukani. Sproketi na cheni za gia nane ni bei nafuu na zinavumilia vumbi.

Ya pili ni microSHIFT R8 ya Taiwan. Inavuta waya sawa na Shimano, ila mkono wa breki hauyumbi pembeni, kazi yake ni breki tu. Ikiwa mpya na Claris uliyoletewa imechakaa, chukua hii bila kusita.

Tatu ni shifta za Shimano za ncha ya usukani, SL-BS64. Wengi huzidharau kwa sura, na kweli zinakulazimu kununua mikono ya breki peke yake. Lakini ndani hakuna vidude vingi vya kuharibika, na mpangilio wa gia ukigoma, unageuza pete na kuendelea kubadilisha kwa kukadiria. Kwa safari ndefu mbali na fundi, mimi ningeziweka namba moja.

Nne ni hizo hizo 2300 na Sora za zamani, zenye kitufe cha dole gumba. Ukisukuma mkono wa breki kwa ndani, cheni inapanda sproketi kubwa. Ukibonyeza kitufe, inashuka kwenye ndogo. Shida ni kwamba ukishika chini ya usukani, dole gumba halikifikii kitufe, na huko chini ndiko unakokaa ukiwa na kasi na kutaka gia nzito. Kwa kwenda kazini haidhuru. Kwa mashindano inakera.

Shifta hizi zote zinauzwa sana zikiwa zimetumika, kwa hiyo zijaribu hapo hapo. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, pitia gia zote ukisikiliza: sproketi nane zitoe milio saba. Kikonyo kikichezacheza bila kushika, huenda ni grisi ya kiwandani iliyoganda. Puliza mafuta mepesi na ubonyeze tena na tena, aghalabu hurudi. Muuzaji akikwambia "imekufa", punguza bei kwanza, usafishe baadaye. Kisha weka gia nzito kabisa, vuta nyuma raba inayofunika shifta, uchungulie kichwa cha waya. Nyuzi zikianza kuchanika pale ndani, waya utakatika na kipande kukwama ndani ya shifta, na kukitoa ni kazi ya koleo na subira. Badilisha waya siku hiyo hiyo.

Za mwisho ni Tourney A070 za Shimano, gia saba, nazo zikiwa na kitufe. Usihangaike kuzitafuta hata kama baiskeli yako ina sproketi saba: shifta ya nane inaziendesha. Nafasi kati ya sproketi hutofautiana kidogo tu, milimita 5.0 kwa 4.8, na fundi ataweka skrubu ya kikomo ya direla ili ule mlio mmoja wa ziada usitupe cheni nje.