Kijitabu cha Watu Wadogo wa Wakrii: Kinunue, Ukurasa wa 14 Uushone

Mimi ni fundi cherehani, Umoja, Nairobi. Jumamosi ikifika saa kumi naondoa mikasi na pini juu ya meza ya kukatia vitambaa, naokota vipande chini, na meza hiyo inakuwa ya gemu. Tunacheza ule mchezo wa kuigiza wahusika: kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, mmoja anasimulia, na dadu la pande 20 linaamua umefaulu au umeanguka. Wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka wa 1974. Kwangu uliletwa na mpwa wangu alipokuwa chuoni, yeye akachoka kusimulia, nami nikashika usukani. Huu ni mwaka wa tatu.

Mwezi uliopita nilinunua mtandaoni kijitabu cha kurasa 22, dola 6, kinachowageuza watu wadogo wa masimulizi ya Wakrii, wenyeji asilia wa Kanada, kuwa viumbe wa gemu. Kanuni zake ni zile za msingi zilizoachwa huru kwa umma Januari 2023, kwa hiyo kinaingia kwenye meza nyingi bila kusumbua. Nilikiprinti saiba kwa shilingi 10 ukurasa, jalada la rangi 50, nikakishona mgongo kwa uzi wa jinzi. Tumekitumia Jumamosi nne. Naandika kwa sababu nimekipenda, na kwa sababu kuna ukurasa mmoja umeninyima usingizi.

Kurasa sita za mwanzo ni nzuri sana. Mwandishi hakimbilii namba. Anaanza na jina kama Wakrii wenyewe wanavyolitamka, mêmêkwêsiw akiwa mmoja, mêmêkwêsiwak wakiwa wengi, na anaeleza kwamba majirani zao Waojibwe nao wanawajua kwa jina linalofanana. Anakuambia wanakaa wapi: ndani ya miamba iliyo kando ya mito na maziwa. Wana mitumbwi ya mawe, na wakifuatwa wanapiga kasia moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa jabali, jabali linawapokea, unabaki unatazama jiwe. Huiba samaki kwenye nyavu za watu. Nyuso zao ni nyembamba na wana haya nazo, kwa hiyo ukiwakaribia wanainamisha vichwa usiwaone. Wapo wanaosimulia kwamba hawana pua, na kwamba vidole vyao ni sita. Na katika maeneo mengi ile michoro myekundu iliyo kwenye miamba juu ya maji, ya wanyama na alama za viganja, inahusishwa nao.

Niliposoma hapo kwenye viganja niliacha kushona sketi ya mteja. Nilichukua chaki ya fundi, nikachora mto kwenye meza nzima kutoka kona hadi kona, vipande vya kitenge cha kahawia nikavikunja vikawa majabali, na kwenye kimoja nikapiga viganja vidogo kwa chaki nyekundu. Wachezaji walipoingia hakuna aliyeuliza leo tunapigana na nani. Walisimama wanaangalia vile viganja.

Sasa kanuni zenyewe. Kiumbe ni mdogo, ana kinga nzuri, uhai wake si mwingi, na ana uwezo wa kuingia mwambani mara moja kwa zamu. Uwezo wa pili ni wa kupindua mtumbwi: mkipita kwenye maji ya kasi, mkono unatoka kwenye jiwe, na kila aliye ndani arushe dadu. Hili limetoka kwenye masimulizi, hakulibuni. Lilitupa nusu saa tamu kuliko zote mwezi huo, kwa sababu mmoja wetu, kijana wa bodaboda, aliwahi kwenda Sagana kupanda yale maboya ya mtoni, na boya lao likapinduka. Alituambia yale maji yanavyokushika kifuani hadi sauti inakataa kutoka. Baada ya hapo kila dadu lililorushwa lilikuwa na uzito.

Lakini moyo wa kijitabu ni kanuni ya mabadilishano, kurasa za 9 hadi 12. Katika masimulizi ya Wakrii, mtu anayetafuta dawa huwaendea wadogo hawa na tumbaku. Hapigi kelele, hatishi. Anatoa tumbaku, anapewa dawa. Kwa Wakrii wa nyikani, wadogo hawa pia ndio wanaochonga ncha za mishale za jiwe. Mwandishi amelijenga hili vizuri: kila mkutano una kipimo cha imani, kinapanda ukitoa kitu kwanza, kinashuka ukiwakodolea macho, na kinaanguka kabisa ukichukua bila kutoa. Mkono mtupu haulambwi, nasi tunalijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo sikuhitaji kulieleza mara mbili. Mpwa wangu mdogo, ana miaka 14, ndiye aliyeuliza, "Tata, kwani hatupigani nao?" Mama wa kibanda cha mboga, ambaye mhusika wake ni mwindaji, akamjibu kabla yangu: "Umeingia kwa mtu, unapigana na nani?"

Nilishona vifuko viwili vya kitenge, nikavijaza majani ya chai makavu badala ya tumbaku, ili mtu anayetoa atoe kitu anachokishika. Na kitu hicho kiondoke mkononi mwake. Ukikitumia kijitabu hiki, fanya hivyo. Namba iliyofutwa kwenye karatasi haiumi kama kifuko ulichokishika saa nzima.

Jambo moja kwenye kanuni hizo nimelibadilisha. Kijitabu kinasema dawa ya wadogo hurudisha pointi 8 za uhai, basi. Hiyo ni panadol. Mimi nimeweka kwamba dawa huja na sharti la kufuata siku nne za mchezo, na ukilivunja haifanyi kazi. Wachezaji walilalamika, kisha wakaanza kukumbushana sharti wenyewe bila mimi kusema.

Haya, ukurasa wa 14.

Baada ya kurasa zote hizo za heshima, mwandishi ameweka mchezo mfano ambamo wachezaji wanaingia ndani ya jabali na kuwamaliza wadogo, na chini yake jedwali la hazina: dawa kiasi hiki, ncha za mishale kiasi hiki, pointi za uzoefu kiasi hiki kwa kila mmoja aliyeuawa. Yaani kile ambacho ukurasa wa 9 umesema hupewi mpaka utoe, ukurasa wa 14 unakuruhusu kukipora kwa maiti. Si suala la adabu tu. Gemu yenyewe inavunjika. Mchezaji yeyote mwenye hesabu ataona kuua ni rahisi kuliko kutafuta tumbaku, na kipimo cha imani kinakuwa pambo. Picha ya ukurasa wa 15 nayo imemvika mdogo kilemba kikubwa cha manyoya, kile cha heshima cha wazee na wapiganaji wa nyikani huko Amerika Kaskazini, kitu kisichokuwa na kazi yoyote kwenye kichwa cha mtu anayekaa ndani ya jiwe. Na hakuna mahali kijitabu kinasema Mkrii yeyote alikisoma kabla ya kuuzwa. Wakrii ni zaidi ya laki tatu, kutoka Alberta hadi Quebec, wana shule, wana redio, wana waandishi. Hawajaisha.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi, na nitasema kwa nini. Cucu wangu, yaani bibi yangu, alikuwa wa Kangema, Murang'a. Juu ya shamba lake, karibu na msitu, kulikuwa na bonde dogo la duara kama sahani, nyasi zimelijaa. Alituambia hapo palikuwa nyumba ya Agumba, watu wafupi waliokuwa wakiishi mashimoni kabla ya Wakikuyu kufika. Hatukuruhusiwa kutupa takataka humo. Hatukuruhusiwa kulichezea. Na habari zao hakuzisimulia mchana, kama vile masimulizi makuu ya Wakrii yanavyongoja theluji yasimuliwe wakati wa baridi. Wazulu nao wana Abatwa wao, ambao ukikutana nao wanakuuliza umewaona kutoka wapi, na ole wako usijibu kwamba uliwaona ukiwa mbali. Kila mahali wadogo hawa wanataka jambo lile lile: uwape nafasi yao. Sasa mtu akiandika kule Saskatchewan kijitabu cha Agumba, akaweka jedwali la unachookota ukiwaua ndani ya lile bonde la cucu, nitajisikiaje? Sikatai watumike kwenye gemu, ila aulize kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye meza hapa Nairobi ni huu. Dola 6 si bure, ni kama shilingi 780, lakini kurasa za 1 hadi 12 zinazirudisha. Michoro mingine, ya mtumbwi wa jiwe hasa, ni ya kubandika ukutani. Maandishi ni ya Kiingereza chepesi, kijana wa sekondari anayaweza. Ukubwa wa herufi ni mdogo, ukiprinti kwenye karatasi ya nusu utahitaji miwani. Watoto chini ya miaka 10 nisingewaweka kwenye ile sehemu ya kuzama majini. Wachezaji wanne wanatosha, sita ni wengi kwa kanuni ya mabadilishano kwa sababu kila mtu anataka kutoa chake.

Nimemwandikia mwandishi nikamwomba aondoe mchezo ule wa ukurasa wa 14 na atafute msomaji Mkrii, amlipe. Bado hajajibu. Nakala yangu iko juu ya kabati la nyuzi, anayetaka kuiona aje Jumamosi kabla ya saa kumi. Kurasa za 14 na 15 nimezishona pamoja pande tatu, mshono wa mkono, uzi mwekundu. Vifuko vya chai vimebaki kimoja. Kile kingine mpwa wangu mdogo alikiacha juu ya kitenge cha kahawia Jumamosi iliyopita, dawa yake akaipata, na sijakiondoa hapo.