Uzoefu wangu: huduma ya kuosha injini ya dizeli nyumbani, Malindi

Kwa anayetafuta mtu wa kuosha injini ya dizeli hapa Malindi bila kuiua, huduma hii ya fundi wa kuja nyumbani naipendekeza, na si kwa sababu injini imerudi inang'aa. Naipendekeza kwa sababu fundi alitumia maji kidogo sana, na kazi yake kubwa aliifanya kabla ya maji kufunguliwa na baada ya kufungwa.

Gari ni Toyota HiAce ya dizeli ya lita 3.0. Tulitoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na friji ndogo, na sasa tunaikodisha kwa wageni wanaopenda kulala porini. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo iko ndani ya nyumba hasa. Dizeli ikivuja, harufu unaipata kitandani. Njia yake ya kila mara ni kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, na aliyepita huko analijua lile vumbi jekundu. Likikutana na oili inayotoka kwenye gasketi, linaganda kama ukoko wa sufuria. Ongeza upepo wa bahari: vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wa kijanikijani.

Uchafu huo hauhusu sura tu. Unazuia injini kupoa vizuri, unaficha mahali panapovuja, na oili ikilowa karibu na bomba la moshi ni moto unaosubiri siku yake.

Uoshaji tuliouzoea mjini una namna mbili, na zote mbili sizitaki karibu na gari langu. Ya kwanza ni petroli ndani ya mkebe na brashi ya rangi. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji, seuze joto la Malindi, tena ndani ya gari lenye mtungi wa gesi. Ya pili ni mashine ya presha. Gari la jirani yangu lilioshwa hivyo, likatoka linatetemeka na taa ya injini inawaka. Maji yaliingia kwenye soketi za umeme za nozeli, vile vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini. Watu husema dizeli haina plagi za cheche, kwa hivyo maji hayaidhuru. Hayo yalikuwa maneno ya injini za zamani zenye pampu isiyotumia kompyuta. Hizi za leo zina nozeli za umeme, sensa na kompyuta. Na maji yakiingia kwa wingi kwenye bomba la hewa ni balaa zaidi: dizeli hubana hewa mara 15 hadi 18 hivi, lakini maji hayabaniki, kwa hivyo kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni.

Fundi huyu ni mtu mzima, anakuja na kijana wake. Kabla hajashusha kitu aliuliza, "Mwanangu, maji yenu haya ni ya bomba au ya kisima?" Nikamwambia tuna yote mawili. Akasema, "Basi nipe ya bomba. Ya kisima nitakuwa nakutilia chumvi kwenye waya." Hapo ndipo aliponipata. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvi, na maji ya bomba yanayotoka kwenye mradi wa maji wa Baricho si ya kumwaga ovyo, lakini ndoo mbili zilitosha kazi nzima.

Alishika injini kwa mkono, akaona bado ya moto, akakaa kivulini kusubiri. Chuma kilichopata moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, na dawa ya kuondoa grisi hukauka kabla haijafanya kazi. Mtungi wa gesi ulifungwa ukatolewa nje. Akavua waya wa hasi wa betri, kisha akafunika kwa mifuko ya nailoni altaneta (inayochaji betri), boksi la fyuzi, soketi za nozeli na mdomo wa hewa, kila mfuko ukakazwa kwa utepe. Uchafu mkavu aliukwangua kwa kipande cha mbao na brashi, bila tone la maji, na ulikuwa umejaa beseni. Tukakuta humo hata maganda ya korosho, kazi ya panya. Waya mmoja ulikuwa umeshatafunwa ngozi yake.

Dawa yenyewe ni ile ya kuchanganywa na maji, isiyo na petroli. Aliipulizia kutoka chini kwenda juu, akasugua, na hakuiacha ikauke. Kusuuza alitumia bomba la mgongoni, kama lile la kupulizia mikorosho, lililonunuliwa jipya kwa kazi hii na halijaonja sumu. Maji yanatoka kama manyunyu. Kisha hewa ya kompresa, kwa umbali, na kifuniko kikaachwa wazi juani mpaka adhuhuri. Soketi alizikagua moja moja kabla ya kurudisha betri.

Injini ilipowaka alipitisha kipande cha katoni kando ya mabomba ya dizeli kutafuta uvujaji, na akamkanya kijana wake asithubutu kuweka kidole. Dizeli kwenye injini hizi husukumwa kwa presha inayoweza kuzidi ya tairi mara mia tatu au zaidi; tundu dogo tu linaipenyeza chini ya ngozi, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama kwa nje unaona kinukta tu. Mabomba makubwa yalikuwa salama. Mpira mdogo wa kurudisha tangini dizeli iliyobaki ndio uliokuwa unatoa jasho, na kabla ya kuosha hakuna ambaye angeuona. Alikagua pia raba ya kifuniko chini ya kiti, maana isipokaa sawasawa moshi unaingia wanakolala watu, akanishauri nibadilishe sifongo ya kuzuia kelele iliyokuwa imenyonya oili.

Kasoro zipo. Magari ya kulala si kazi yake ya kila siku, na ilionekana: alivua betri ya injini akadhani umeme umekatika, kumbe ipo betri ya pili ya taa na friji, na paneli ya sola juu ya paa. Nilimsimamisha, tukatoa waya za paneli kwanza, kisha betri hiyo. Ukiwa na gari kama hili, mwambie mapema. Mwishoni kijana alitaka kupulizia dawa ya kung'arisha kila mahali. Nikamkataza, kwani ikigusa mkanda wa feni utateleza.

Kubwa kuliko zote, hawakuja na kitu cha kukinga maji machafu. Nilitafuta karai mwenyewe, nikaweka na mchanga na maranda pembeni ya kunyonya oili. Oili ikimwagwa uani Malindi inazama mchangani kuelekea visima tunavyoogea, na mvua ya masika inaburura iliyobaki hadi ufukweni. Kwa shilingi 3,500 nilizolipa, karai na turubai viwe sehemu ya huduma. Nimemwambia hivyo ana kwa ana, akakubali bila kununa, na wageni wa Desemba wakishaondoka nitamwita tena.