Ketamini, tiopentali, propofoli: ipi inaulinda ubongo wenye kiharusi?

Kila mwana-anestezi (mtoa dawa za usingizi) wa Goma anaijua flakoni, yaani kichupa, ya ketamini: mililita 10, miligramu 50 katika kila mililita. Siku hizi inasifiwa pia kuwa kinga ya ubongo kwa mgonjwa wa AVC, yaani kiharusi. Sifa hiyo ina msingi, ila imeizidi dawa yenyewe.

Mshipa wa ubongo ukiziba, seli zilizokosa oksijeni humwaga glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli. Hiyo hufungua vipokezi vya NMDA, ambavyo ni kama milango kwenye seli, kalsiamu inafurika ndani, na seli za jirani ambazo zingepona zinakufa. Ketamini huviziba vipokezi hivyo, na kwa panya wa maabara kidonda hupungua. Kwa binadamu bado haijathibitika. Panya mara nyingi hupewa dawa kabla mshipa haujazibwa au muda mfupi baadaye. Mgonjwa wa Ndosho, mtaa wa Goma, analetwa kwa pikipiki wakati saa zimeshapita.

Hata hivyo tunaipa nafasi ya kwanza, kwa sababu nyingine kabisa: kwa kawaida haiangushi presha. Ubongo unaozunguka kidonda unaishi kwa damu kidogo inayopenya pembeni, na presha ikishuka hata hiyo inakatika. Vuta mililita 2, ongeza mililita 8 za serumu ya chumvi ya 0.9%: sasa una miligramu 10 kwa mililita. Mtu wa kilo 60, kwa miligramu 1 kwa kilo, anahitaji mililita 6, zikiingia polepole kwa dakika nzima. Ukizisukuma haraka, pumzi inaweza kusimama. Na andika kwenye sindano! Asiyejua kama dawa imechanganywa au la anaweza kumpa mgonjwa mara tano ya kipimo. Kasoro yake: presha ikiwa tayari 220 na unashuku damu imevuja kichwani, ketamini itaipandisha zaidi.

Tiopentali ndiyo iliyotarajiwa zaidi zamani, maana hupunguza matumizi ya oksijeni ya ubongo karibu nusu. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 1986, kwa wagonjwa 262 waliobaki katika koma baada ya moyo kusimama, halikuonyesha faida. Gramu 1 huyeyushwa kwa mililita 40 kupata 2.5%. Ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama, na ikikutana na suksametoniamu (dawa ya kulegeza misuli) kwenye mrija mmoja inaganda kama chokaa. Suuza mrija kwanza. Inashusha presha, tena mgonjwa hulala muda mrefu, usiweze kupima kama mkono umeanza kusogea.

Propofoli humwamsha mgonjwa haraka, hilo ni zuri. Presha ndiyo inaanguka vibaya, hasa kwa mzee aliyepungukiwa maji. Usiifungue kabla efedrini, dawa ya kupandisha presha, haijawa tayari: ampuli ya miligramu 30 ijazwe hadi mililita 10, itolewe mililita 1 au 2 kila mara. Soma lebo, kuna ampuli za miligramu 50. Flakoni ya propofoli iliyofunguliwa itupwe baada ya saa 6, hata kama imebaki nusu.

Yoyote utakayochagua, pima presha kila dakika 2 au 3, na ile ya juu isishuke chini ya 140. Ukimpumulisha kwa baluni usikimbize mkono: kabonidioksidi ikipungua mno, mishipa ya ubongo inajibana. Serumu ya glukozi isitundikwe kabla ya kupima sukari. Sukari iliyoshuka nayo hupooza upande mmoja, ikafanana kabisa na AVC.